Historia ya Nassa Inaombewa Viza

Anayetaka kuandika historia ya Nassa aanze kwa kutafuta viza. Nassa yenyewe haijahama. Ipo Busega, mkoani Simiyu, kando ya Ghuba ya Speke, na mtu wa Bariadi anafika kwa basi akarudi siku hiyohiyo. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walijenga kituo pale mwishoni mwa miaka ya 1880, na mwaka 1909 wakawaachia wenzao wa Africa Inland Mission (AIM). Waliandika barua na ripoti kwa wakubwa wao, kama wamisionari wote. Nyaraka za CMS leo zimetunzwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Za AIM ziko Wheaton, Illinois. Mapadri wa Maryknoll walioingia Tanganyika mwaka 1946, wakaja kufanya kazi Usukumani, zao ziko Ossining, New York. Barua za serikali ya kikoloni ya Kiingereza kwa wakubwa wake ziko Kew, London, na majalada ya Mjerumani yamegawanyika, mengine Dar es Salaam, mengine Berlin. Hata nyimbo alizonasa Hugh Tracey alipoizunguka Tanganyika mwaka 1950 zimehifadhiwa Makhanda, Afrika Kusini.

Sasa tuulizane: nani analipiwa nauli ya kwenda kuzisoma?

Mtafiti wa kigeni analipiwa, hata kuja huku kwetu. Anashuka na barua ya COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, anapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, anapita wilayani, anafika kwa mtendaji wa kata, naye mtendaji anamtafutia kijana wa kumtafsiria Kisukuma. Kijana huyo ndiye anayejua kwamba wimbo wa kulimia una fumbo, na kwamba mzee amecheka kwa sababu ametukana kistaarabu. Miaka michache baadaye kitabu kinatoka, na kijana ameshukuriwa kwenye dibaji kwa jina moja tu, lisilo hata la ukoo. Siwanyimi wageni sifa zao. Frank Gunderson wa Marekani alikusanya mamia ya nyimbo za kazi za Wasukuma, akazichapisha mwaka 2010, na kazi ile ni nzito. Lakini ni Msukuma gani aliyewahi kupewa miezi miwili Florida awakusanyie Wamarekani nyimbo zao?

Ruzuku za safari fupi zipo, tusidanganyane. Wajerumani kupitia DAAD wanagharamia mhadhiri akae mwezi mmoja hadi mitatu. Wamarekani wana Fulbright. Mpango uliowafaa zaidi watu wa lugha, historia na sanaa, African Humanities Program, ulianza mwaka 2008 kwa fedha za Carnegie, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tano tu zilizoingizwa. Mpango huo umekwisha. Mwenye fedha zake amefunga mkoba, na sisi tumebaki kutazamana, maana hatukuwahi kuweka chochote mezani.

Kwetu, mfuko wa taifa wa utafiti unaitwa Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia. Jina linatosha kumfukuza mwanahistoria mlangoni. Ufadhili wa Samia unawachukua waliofaulu vizuri masomo ya sayansi. Chuo kikubwa kilichofungua kampasi Simiyu ni cha usimamizi wa fedha. Sina ugomvi na wahasibu wala madaktari. Pamba inahitaji hesabu na wagonjwa wanahitaji tiba. Ugomvi wangu ni na ile tabia ya viongozi wetu kuvaa vitenge, kukaa jukwaani kutazama vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu vikishindana, kusema utamaduni ni roho ya taifa, kisha kwenye bajeti roho hiyo isipewe hata nauli.

Na hizo ruzuku za watu zina miiba yake. Nyingi zinamtaka mwombaji awe na ajira chuoni, machapisho, na barua ya mwenyeji huko aendako. Mwalimu wa historia wa sekondari Maswa, aliyejaza madaftari kwa simulizi za watemi wa Ntuzu na Kanadi, hana hata kimoja. Wengine wanamwambia alipe kwanza, atarudishiwa akileta risiti. Alipe na nini? Ubalozi unataka taarifa ya benki ya miezi kadhaa, na taarifa yake inaonyesha mshahara unaingia, na baada ya siku tatu akaunti imebaki na makato. Viza ya Schengen, ya kumfikisha Berlin, ni euro 90 tangu Juni 2024, ukinyimwa hurudishiwi. Alama za vidole zinachukuliwa Dar es Salaam, kilomita zaidi ya elfu moja kutoka Bariadi. Halafu, kwa kuwa ni mtumishi wa umma, aombe kibali cha kusafiri nje. Nani atamwamini akisema anakwenda Ulaya kusoma barua za zamani? Ataulizwa mradi una tija gani.

Najua jibu la wavivu: siku hizi kila kitu kipo mtandaoni. Hakipo. Kilichopo kimewekwa kwa maelezo ya mtu asiyejua kama jina lililoandikwa ni la mtemi au la mto. Makosa hayo yanaonwa na mwenye lugha yake, akiwa na jalada mkononi, akiwa na muda wa kuomba la pili na la tatu.

Fedha tunazo. Simiyu inaongoza kwa pamba nchini, na halmashauri zake zinatoza ushuru wa mazao ya biashara wa asilimia 3. Halmashauri za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu zikichanga, kumpeleka mtu mmoja kila mwaka kwa wiki sita ni gharama ndogo kuliko semina moja ya madiwani mjini Mwanza, pamoja na posho zake. Alipiwe kabla ya kuondoka. Asidaiwe shahada ya uzamivu; adaiwe Kisukuma safi na maandishi aliyokwisha kuyafanya. Akirudi, nakala ziwekwe Bariadi, mahali ambapo mwanafunzi ataingia bila barua ya mkuu wa wilaya.

Waanze na Birmingham. Nyaraka ziko kwa Kiingereza, hakuna haja ya kusubiri mtu ajifunze Kijerumani. Na diwani wa upande wa Nassa ndiye apeleke hoja barazani, kabla bajeti ya mwaka ujao haijapitishwa.