Kumtafuta Muuaji Usoni

Kila nchi inapofikwa na mauaji ya kutisha, huzuka watu wenye haraka ya kumchora muuaji kabla hajajulikana. Huyu husema ni kichaa, yule husema ni mgeni, na wa tatu hutaja kabila au wilaya nzima. Ng'ambo, kazi hiyo imepewa idara na mishahara, ikaitwa kuchora wasifu wa mhalifu. Huku kwetu hufanywa bure, barazani na vituoni mwa mabasi. Lakini popote ifanywapo, picha ya namna hiyo aghalabu haimkamati muuaji, bali humsitiri.

Mfano haupo mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika Mkoa wa Mbeya wa wakati ule, khasa upande wa Mbozi na njia iendayo mpakani Tunduma, watu waliuawa na maiti zao zikachunwa ngozi. Ilielezwa kwamba ngozi hizo huvushwa mpaka na kuuzwa kwa watu walioamini kuwa zina nguvu ya kuleta mali na bahati. Bei zilizotajwa magazetini zilifika maelfu ya dola za Marekani. Lakini habari hiyo ilipokuwa ikisafiri ilibadilika njiani. Iliondoka ikiwa habari ya watu waliouawa, ikafika ikiwa habari ya "watu wa Mbozi". Mkulima wa kahawa wa Hasamba, kata ya wilaya hiyo ambayo tangu 2016 imo katika Mkoa mpya wa Songwe, akawa mchuna ngozi katika mzaha wa watu wasiopata kuiona Hasamba. Aliyekuwa na kila sababu ya kuogopa akageuzwa yeye kuwa wa kuogopwa.

Mzaha huo una madhara kuliko matusi, kwa kuwa unafuta kilichopaswa kutazamwa, nacho ni biashara. Tunduma ni mlango wa nchi. Hapo hupita barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA, na hapo fedha za nchi mbili hubadilishana mikono tangu alfajiri. Ngozi ya binadamu haikufika ng'ambo ya mpaka kwa miguu yake. Yupo aliyeua, yupo aliyechuna, yupo aliyebeba, yupo aliyevusha, yupo mganga aliyeagiza, na mwisho wa yote yupo mwenye fedha aliyelipa. Watu sita hao hawana sura moja wala kabila moja, na pengine hawajuani. Anayetaka kuwaona wote katika uso mmoja atamkamata mmoja tu, tena yule aliye fukara kuliko wote.

Visiwani nako hakuna wa kumcheka mwenziwe. Mwaka 1995, hofu ya Popobawa ilipotoka Pemba ikavuka hadi Unguja, palikuwa na mgonjwa wa akili aliyetoka bara kuja kutafuta matibabu. Watu walimwona mgeni, wakaona haeleweki asemalo, wakamhukumu kwa dalili hizo na kumpiga hadi kufa. Usukumani, vikongwe wangapi wameuawa kwa sababu ya macho mekundu? Wekundu huo ni wa moshi wa jikoni, wa mama aliyewapikia watoto na wajukuu kwa miaka hamsini. Wauaji wao waliusoma moshi wakadhani wamesoma uchawi.

Atatokea msomi aseme kuwa hayo ni ya wajinga, na kwamba wenye elimu huchora kwa vipimo. Basi na vitazamwe hivyo vipimo. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ya Kenya ilichapisha kitabu cha Dakta J. C. Carothers juu ya saikolojia ya Mau Mau. Daktari huyu, aliyepata kumlinganisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo, alitafuta chanzo cha vita vile katika nafsi ya Mkikuyu iliyobabaishwa na mabadiliko. Ardhi iliyoporwa ilikuwa mbele ya macho yake, lakini yeye alishughulika na ubongo wa aliyeporwa. Frantz Fanon, naye daktari wa akili, alimjibu mwaka 1961 katika kitabu ambacho wasomaji wa Kiswahili wanacho kwa jina la *Viumbe Waliolaaniwa*.

Au itazamwe London. Mwaka 1992 mama kijana aliuawa katika uwanja wa Wimbledon mbele ya mwanawe mdogo. Polisi walimwita mtaalamu wa saikolojia, akachora wasifu, na wasifu ukamwangukia mkaazi mmoja mpweke wa mtaa wa jirani. Wakampelekea askari wa kike ajifanye mpenzi wake ili amtoe siri, na siri haikutoka kwa kuwa haikuwamo. Mwaka 1994 jaji aliitupa kesi. Lakini mtu huyo alipokuwa rumande, mwaka 1993, muuaji wa kweli alimwua mama mwingine pamoja na bintiye wa miaka minne. Hakukiri kosa la Wimbledon hadi 2008. Wasifu ulimfunga asiye na hatia na kumwachia njia mwenye hatia.

Je, basi muuaji aachwe bila ya kuchunguzwa? La, hasha. Hapo ndipo wanapokosea wale wanaosema kwamba kumwelewa muuaji ni kumsamehe. Daktari anayechunguza kipindupindu hakipendi kipindupindu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 makachero wa FBI wa Marekani walianza kwenda magerezani, na katika utafiti wao waliwahoji wauaji 36 waliokwisha kuhukumiwa. Mengi waliyoyajenga juu ya mahojiano hayo yamepingwa, na kwa haki. Lakini jambo moja walilitenda vyema: walimwendea aliyethibitika kuua, wakakaa, wakamsikiliza.

Nchini Tanzania njia iliyochaguliwa ilikuwa nyingine. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipopamba moto, serikali iliendesha kura za siri mwezi Machi 2009, kila mtu aandike jina la anayemshuku. Karatasi isiyo na jina la mwandishi haiulizwi imejuaje. Humo huweza kuingia shahidi wa kweli, na huweza kuingia jirani mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba. Septemba mwaka huohuo, huko Kahama, mahakama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumwua kijana wa miaka 14 mwenye ualbino. Hukumu ilistahili kushangiliwa. Lakini aliyekata kiungo hukata ili auze, na kesi inayoishia kwa mkataji humwacha mnunuzi akitafuta mkataji mwingine.

Tanzania haijamnyonga mtu tangu 1994. Maana yake ni kwamba waliohukumiwa kifo wamebaki gerezani na ujuzi wao. Na waulizwe. Wasiulizwe kabila lao wala uchawi wa babu zao. Waulizwe fedha ilitoka mkononi mwa nani na iliahidiwa kiasi gani, nani alileta agizo, kwa nini akachaguliwa yule aliyeuawa na si mwingine, na siku ile walijiambia nini hata mkono ukaweza kufanya ulichofanya. Majibu yaandikwe kwa Kiswahili, yawekwe wanapoweza kuyasoma polisi, mahakimu, walimu na viongozi wa dini.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wengi huitumia methali hiyo kumshuku jirani, nayo inaweza kumwelekea pia tajiri anayesalimiwa kwa heshima na asiyeulizwa mali yake ilikotoka. Mkulima wa Hasamba hahitaji kuombewa radhi tu kwa mzaha wa miaka ile. Anahitaji kujua kama aliyelipia ngozi za majirani zake alipata kutafutwa, na ikiwa hakutafutwa, ni nani aliyeamua kwamba yatosha kumkamata aliyeshika kisu.