Tusi la shabiki, adhabu ya staa

Filimbi ya mwisho ikishapulizwa, kuna mechi nyingine inaanza kwenye simu. Mchezaji aliyeboronga anafungua Instagram kabla hata hajavua viatu, anakuta komenti za matusi zimejaa, na kidole kinamuwasha ajibu. Hapo ndipo wengi wanapofungwa bao la kizembe.

Muulize Rio Ferdinand. Mwaka 2014 akiwa QPR, shabiki mmoja alimchokoza Twitter kwamba labda timu itasajili beki wa kati mzuri, maana inamhitaji. Kwa beki aliyebeba ubingwa wa Ulaya na Manchester United, hiyo ilikuwa dharau, lakini wala halikuwa tusi. Ferdinand akajibu kwa kumkashifu mama wa jamaa huyo. Oktoba mwaka huo FA ikamfungia mechi tatu na kumtoza faini ya Pauni 25,000. Shabiki aliyeanza uchokozi aliendelea na maisha yake.

Hesabu ndiyo hiyo. Shabiki anaweza kujificha nyuma ya akaunti isiyo na jina la kweli. Hana mkataba, hana mdhamini, hana kamati ya nidhamu inayomsubiri. Staa anavyo vyote. Wakianza kurushiana maneno, wa kuumia anajulikana. Kufuta nako hakusaidii, watu wameshapiga skrini shoti.

Hiyo haina maana kwamba mchezaji ameze kila kitu. Julai 11, 2021, Bukayo Saka akiwa na miaka 19 alikosa penalti ya mwisho ya England kwenye fainali ya Euro dhidi ya Italia pale Wembley. Yeye, Marcus Rashford na Jadon Sancho wakaporomoshewa matusi ya ubaguzi wa rangi.

Saka hakubishana na mtu. Alikaa kimya siku chache, kisha akatoa taarifa moja tu. Aliomba radhi kwa matokeo, akawashukuru waliosimama naye, halafu akazichana kampuni za mitandao kwa kutofanya vya kutosha kuzuia chuki. Polisi nao wakakamata watu. Miaka mitatu baadaye, Julai 2024, alifunga bao la kusawazisha dhidi ya Uswisi kwenye robo fainali ya Euro, kisha akaenda kupiga penalti yake na kuiweka nyavuni.

Tofauti ni kwamba Ferdinand alimjibu mtu, Saka akajibu jambo lenyewe.

Hapa Bongo mpaka huo unajulikana tangu enzi. Simba na Yanga ni watani wa jadi. Mnyama kukumbushwa mabao matano ya Novemba 2023, au Mwananchi kukumbushwa matano ya Mei 2012, huo ni utani na dawa yake ni kucheka. Kumtukania mchezaji mzazi, rangi au maumbile siyo utani tena, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inautambua uonevu wa mtandaoni kuwa kosa.

Kwa hiyo anayetaniwa acheke. Anayetukanwa atunze ushahidi, aizuie akaunti hiyo na kuwakabidhi viongozi wa klabu suala hilo. Hasira zikiwa bado za moto, simu bora abaki nayo meneja.

Na shabiki, kabla ya kubonyeza, ajiulize kama maneno hayo angeweza kumwambia mchezaji huyo uso kwa uso pale Kwa Mkapa.