Ushuru wa gesi wapanda na kushuka, mwenye kibanda apange vipi?

Serikali ya Kenya ilijiwekea lengo kuwa kufikia 2028 kila Mkenya awe anapika kwa nishati safi. Hata hivyo, ushuru wa gesi umekuwa ukienda mbele na kurudi nyuma.

Mnamo 2016, ushuru wa ziada ya thamani, VAT, uliondolewa kwenye gesi ya kupikia. Julai 2021 ukarejeshwa kwa asilimia 16. Mwaka uliofuata ukapunguzwa hadi asilimia 8, na Julai 2023 ukaondolewa tena.

Chukua mtungi ambao bei yake kabla ya ushuru ni Sh2,000. Asilimia 16 ni Sh320. Muuza chapati anayemaliza mitungi miwili kwa mwezi hulipa Sh640 zaidi, na si rahisi apandishe bei ilhali jirani yake anapikia makaa.

Makaa nayo hayana uhakika. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti misituni Februari 2018, bei ya gunia ilipaa.

Funzo ni kwamba mtungi hununuliwa mara moja, lakini gesi hujazwa kila mara. Sera ikiyumba, mnunuzi hurudi kwa jiko la makaa na msitu ndio hulipa.

Kwa mkulima anayefugia ng'ombe zizini, ipo njia ya tatu: gesi ya samadi. Kujenga mtambo ni ghali, lakini kinyesi cha ng'ombe hakingoji Mswada wa Fedha.