Jarida la Mapishi ya Idi: Tuanze na Kikombe



Mwaka jana, katika toleo letu la Idi, tulichapisha vipimo vya vileja tulivyopewa na mama mmoja wa Kibokoni ambaye vileja vyake havina mshindani. Tuliandika kama alivyotamka: unga wa mchele nusu kilo, sukari robo kilo, samli vikombe vitatu, iliki na maji ya waridi. Siku ya pili ya Idi zikatufikia habari za bi arusi mmoja, Idi yake ya kwanza ukweni, aliyefuata maneno yetu herufi kwa herufi. Usiku wa kuamkia Idi, mavyaa wake akiwa sebuleni, vileja vilimyeyukia ovenini vikawa trei moja ya samli inayochemka. Tulipomrudia yule mama, alicheka kwanza, kisha akaenda kabatini akatutolea kikombe chake. Kilikuwa finjani ya kahawa.

Kosa lilikuwa letu. Finjani tatu zile, tulipozipima kwa maji, hazikufika robo lita. Vikombe vitatu vya chai vya bi arusi vilikaribia robo tatu ya lita. Samli ya usiku ule haikurudi, na bei yake kila mwenye nyumba anaijua. Tulimwomba radhi kwa mdomo, na leo twamwomba kwa maandishi.

Twalikumbusha hili kwa sababu akina mama wameazimia kuwa mwaka huu kurasa za Idi zitoke peke yake, ziwe jarida kamili lenye jalada na picha za rangi. Ni azimio jema. Lakini katika kikao cha kwanza, sehemu kubwa ya muda ilikwenda katika kujadili rangi ya jalada, kijani au dhahabu, na kama mwezi mwandamo uwe juu ya jina au chini yake. Hatuupingi uzuri. Tuliomba tu kikombe kitangulie.

Kuandika mapishi si jambo geni kwa Waislamu. Muhammad bin Hasan al-Baghdadi alipoandika Kitab al-Tabikh mjini Baghdad mwaka 1226, alitaja nyama kwa ratili na viungo kwa dirhamu. Neno ratili lilivuka bahari likafika hadi madukani mwetu. Bibi zetu nao walikuwa na kibaba, na pishi yenye vibaba vine, na aliyetajiwa kibaba hakuuliza kibaba cha nani. Hiki kikombe ndicho kilichotuvurugia maafikiano, kwa kuwa kila kabati lina chake.

Basi tumekubaliana hivi. Kila pishi litapikwa mara mbili kabla ya kuchapwa. Mara ya kwanza mwenyewe atapika kwa mazoea yake, na sisi tutapima kwa mizani kila anachokitia, kwa gramu, bila kumkatiza. Mara ya pili atapika mtu asiyewahi kulipika, karatasi mkononi, na mwenye pishi akae kando asinene. Kunyamaza huko ni kugumu kuliko kupika. Tulipojaribu kwa mkate wa sinia, binti aliyekuwa akisoma alisita kwenye neno "palia", na bibi yake akauma midomo asimwambie. Binti hajapata kuona makaa yakiwekwa juu ya kifuniko ili mkate uive juu na chini. Kwao ni oveni tangu azaliwe. Pale msomaji aliposita ndipo maandishi yetu yalipokuwa na tundu, na mahali hapo sasa pana maelezo ya njia zote mbili. Gramu pekee nazo hazitoshi. Unga wa vileja ukiufumbata, sharti uhifadhi alama za vidole, kisha umeguke ukiubonyeza kwa gumba. Maneno ya namna hiyo ya wazee tutayaacha kama yalivyo, kando ya tarakimu.

Kuhusu wakati, hesabu yaanzia mwisho. Jarida likifika nyumbani katika kumi la mwisho la Ramadhani limechelewa: ibada imeshika watu, na manunuzi yamekwisha. Yafaa liwe mikononi mwa watu kabla ya nusu ya mwezi. Kwa hiyo majaribio yote ni ya Rajabu na picha ni za Shaabani, wakati ambapo wapikaji na waonjaji wote wanakula mchana. Jalada tutaliandika Idul-Fitri na mwaka wa Hijria, bila tarehe ya Kizungu. Mwezi utaandama utakapoandama, na karatasi iliyokwisha kuchapwa haibadiliki.

Kurasa zitakuwa 32. Karatasi moja ikikunjwa hutoa kurasa nne, basi jarida la kushonwa kwa pini huongezwa au hupunguzwa nne nne. Aliyetaka aongezewe ukurasa mmoja tu ametuelewa. Kila pishi litakaa lote kwenye kurasa mbili zinazoelekeana, kwa maana mwenye unga mikononi hawezi kufunua. Jalada liwe la karatasi inayong'aa ili lifutike samli, lakini ndani karatasi iwe kavu, ishike penseli. Picha zitakuwa za chakula kilichopikwa kwa vipimo vile vile, kwa mwanga wa dirishani. Keki ya kuokotwa kwenye intaneti hatuitaki. Na chupa za vanila zisomwe kwa makini, kwani nyingine hutengenezwa kwa kileo.

Lililotushughulisha zaidi ni jingine. Tulimwendea mama mmoja mjane anayeuza mkate wa sinia kila Ramadhani na Idi, tukamwomba vipimo. Alitukaribisha, akatulisha mkate, vipimo hakutoa. "Wanangu," akasema, "mkate huu ndio ulolipa karo za watoto watatu. Mukiuandika, mwakani nitamuuzia nani?" Tulirudi tumegawanyika. Wapo waliosema kuwa ujuzi ukifichwa hufa na mwenyewe, na hoja hiyo si dhaifu. Tumekwisha kuzika wazee pamoja na mapishi yao. Lakini yule mama hakuficha: binti yake alikuwa jikoni akikoroga huku tukizungumza. Tukaona kwamba jarida linalowanyang'anya wanawake riziki ili liwapambie wengine sinia za Idi halina haja ya kutoka. Anayeuza hataombwa mara mbili. Atapewa nafasi bila malipo, mkate wake upigwe picha, na watu waelezwe namna ya kuagiza. Wasioridhika na uamuzi huu waje tusemezane, mlango u wazi.

Waliobaki twawaomba walete mapishi yao kabla Rajabu haijaisha, katika darasa la akina mama la Jumamosi baada ya Alasiri. Uandike jina la chakula, jina la aliyekufundisha, na uje na kikombe unachopimia hasa, hata kama kimevunjika mkono. Anayepima kwa kiganja naye asione haya. Aje na kiganja chake, mizani tunayo.