Ushuru wa fanicha na gharama ya malighafi

Mhariri,

Tangu Julai 2022, fanicha zinazotoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 35. Hatua hiyo humkinga seremala wa kando ya Barabara ya Ngong, karibu na Dagoretti Corner, anayepiga msasa vitanda mbele ya wapita njia, ingawa mnunuzi wa bidhaa za nje hulipa zaidi.

Lakini bawaba na vitambaa vya makochi vikitoka ng'ambo hupandisha gharama ya fundi huyohuyo. Mbao nazo zilipanda bei serikali ya Kenya iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma mwaka 2018. Mbao za Uganda na Tanzania huziba pengo kupitia Umoja wa Forodha wa Jumuiya hiyo ulioanza 2005. Ulinzi wa fanicha huzaa ajira pale tu malighafi inapopatikana kwa bei nafuu.

Msomaji,
Dagoretti Corner, Nairobi