Insha ya Kununua Ina Deni Lisilolipika



Kila muhula unapoelekea ukingoni, matangazo ya waandishi wa kulipwa huwafuata wanafunzi hadi kwenye simu zao. Yanaahidi insha ndani ya siku moja, tasnifu ndani ya wiki chache, alama nzuri na siri isiyovuja. Vijana wa familia zetu walioko vyuoni huyaona. Majandokasisi nao huyaona, na vilevile mapadre na watawa waliotumwa kusoma huku wakiendelea na utume. Tumeona vema tuliseme jambo hili wazi, kwa kuwa wengi wanaamini kwamba hatari ya kununua insha ni moja tu, yaani kukamatwa. Sisi tunaona kwamba hatari kubwa zaidi huanza pale mtu asipokamatwa.

Tutazame kwanza biashara yenyewe inavyokwenda. Mteja hujaza fomu: mada, idadi ya kurasa, kiwango cha masomo na siku ya kukabidhi kazi. Hutuma maelekezo ya mwalimu, ambayo mara nyingi yana jina la chuo na la somo. Hulipa kwa kadi au kwa simu. Wapo wanaofikia hatua ya kutoa nywila ya akaunti yao ya chuo ili mwandishi aingie na kuwasilisha kazi mwenyewe. Kufikia hapo, mtu asiyejulikana sura wala makazi anashika jina la mwanafunzi, namba yake ya simu, chuo chake, na risiti inayothibitisha kwamba alilipa ili adanganye. Mwanafunzi hana chochote cha huyo mtu mkononi mwake.

Bidhaa nayo haina dhamana. Mnunuzi aliyeandikiwa ovyo hawezi kwenda kwa gombera au polisi kulalamika kwamba amedhulumiwa insha ya kudanganyia. Kazi ileile inaweza kuuzwa kwa wateja wawili. Mifumo ya ukaguzi kama Turnitin hulinganisha maandishi na kazi zilizokwisha kuwasilishwa kwingine, hivyo anayechelewa kuwasilisha ndiye huonekana amenakili. Na tangu programu za akili mnemba kama ChatGPT zilipoanza kutumiwa na watu wengi mwishoni mwa mwaka 2022, mnunuzi hawezi hata kujua kama amemlipa mtu, au ameuziwa maandishi yaliyotolewa na mashine kwa dakika moja, yakiwa na marejeo ya vitabu ambavyo havijawahi kuandikwa.

Lakini hayo ni madogo ukiyalinganisha na vitisho. Taasisi zinazosimamia ubora wa elimu ya juu huko Uingereza na Australia zimewaonya wanafunzi mara kwa mara kwamba wauzaji wa insha hugeuka na kudai fedha zaidi, la sivyo watapeleka ushahidi chuoni au kwa mwajiri. Madai hayo hayana muda wa kwisha. Yanaweza kuja wiki moja baada ya malipo, na yanaweza kuja baada ya miaka mingi, mteja akiwa ameshapata kazi, cheo na heshima ya kupoteza.

Wala siri haina uhakika hata pale muuzaji anapotaka kuitunza. Mwaka 2014 magazeti ya Australia yalifichua huduma iliyoitwa MyMaster, iliyokuwa ikiwauzia insha wanafunzi wa vyuo vikuu vingi vya nchi ile. Mwaka uliofuata, Chuo Kikuu cha Macquarie cha Sydney kiliwavua shahada baadhi ya watu waliokwisha kuhitimu. Tangu hapo nchi kadhaa zimetunga sheria za kuwabana wauzaji: Ayalandi mwaka 2019, Australia mwaka 2020, Uingereza mwaka 2022. Huko Australia adhabu yaweza kufika kifungo cha miaka miwili. Sheria hizo humlenga zaidi muuzaji, na mwanafunzi huachiwa chuo chake, ambacho kina uwezo wa kumfukuza au kumnyang'anya shahada.

Mtu asidhani kwamba tunazungumzia mambo ya mbali. Sehemu kubwa ya insha zinazonunuliwa na wanafunzi wa Marekani, Uingereza na Australia huandikwa na vijana wa Kenya, hasa jijini Nairobi. Filamu ya mwaka 2024 iitwayo The Shadow Scholars inamwonyesha Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, ambaye ni mzaliwa wa Kenya, akikutana na waandishi hao. Ni wahitimu wenye akili nzuri waliokosa ajira. Hukesha usiku kwa sababu ya tofauti ya saa, hupata sehemu ndogo tu ya kile mteja alicholipa, na jina lao halionekani popote. Shahada humwendea mwingine.

Tunawahurumia vijana hao, na wengine wao ni waamini wa parokia zetu. Hatuwezi kumlaumu kijana kwa kutafuta riziki na kumsahau tajiri anayemtuma kazi. Hata hivyo huruma haibadilishi jina la tendo. Amri ya nane inatukataza uongo, na anayemtengenezea mwenzake uongo kwa malipo anashiriki katika uongo huo. Jumuiya zetu zina wajibu wa kumsaidia kijana wa namna hii kuona kwamba kipaji chake kinaweza kumlisha kwa njia halali: kutafsiri, kufundisha, kuhariri, kuandika kwa jina lake mwenyewe.

Sasa turudi seminarini. Jandokasisi aliyenunua insha na asigundulike, anaendelea na malezi, anavishwa kanzu, anapewa huduma, anafika siku ya upadrisho. Kabla ya hapo, Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1051, inamtaka gombera atoe ushuhuda juu ya sifa za mwombaji: mafundisho yake sahihi, uchaji wake wa kweli, mwenendo wake mwema. Siku yenyewe, mbele ya altare, Askofu huuliza kama wateule wanastahili, na jibu hutolewa kwa kutegemea maoni ya taifa la Mungu na ushuhuda wa walezi. Insha ya kununua humfanya gombera ashuhudie asichokijua. Humfanya Askofu amwekee mikono mtu aliyepimwa kwa kazi ya mtu mwingine. Na ninyi waamini mnaoimba na kupiga vigelegele mnapokea mchungaji ambaye hamkuonyeshwa alivyo.

Kitabu cha Matendo ya Mitume kinatusimulia habari za Simoni, aliyewapelekea Mitume fedha ili apate uwezo wa kuwapa watu Roho Mtakatifu. Petro alimkemea vikali. Hatusemi kwamba kununua insha ni usimoni kwa maana ya sheria. Tunasema ni ndugu yake, kwa sababu yote mawili yanatokana na wazo lilelile kwamba kinachopatikana kwa neema na kwa jasho kinaweza kupatikana kwa pochi.

Zaidi ya hayo, kuna jambo ambalo pochi haiwezi kulifikia. Katika kiti cha maungamo hakuna muda wa kutuma mada kwa mwandishi wa Nairobi. Mama anayeuliza kuhusu ndoa ya binti yake, mgonjwa anayeuliza kwa nini Mungu amemwacha, kijana aliyevutwa na mafundisho ya kigeni na kutaka kujua Kanisa linasema nini. Hawa wote huja bila miadi na hutaka jibu palepale. Ndiyo maana kanuni ya 970 inaagiza kwamba ruhusa ya kuungamisha wapewe mapadre walioonekana kufaa, ama kwa mtihani ama kwa njia nyingine ya uhakika. Insha ya teolojia ya maadili ilikuwa mazoezi ya saa hiyo. Aliyelipa mtu amfanyie mazoezi atafika uwanjani akiwa mtupu, na watakaoumia si yeye peke yake.

Ongezeni hapo kile kitisho tulichokitaja. Padre mwenye jambo ambalo mtu fulani analijua na analiuza si padre huru. Akiwa paroko, mikononi mwake kuna fedha za parokia na siri za watu. Ujumbe mmoja wa simu kutoka kwa mtu aliyemwandikia tasnifu miaka kumi nyuma unaweza kumfanya achague kati ya aibu yake na sadaka za waamini. Hilo ndilo deni tunalolizungumzia. Haliishi kwa sababu halikuandikwa kiasi.

Tunajua hoja zinazotolewa. Wapo wasemao kwamba kila mtu husaidiwa, na kwamba hakuna tofauti kati ya kumlipa mhariri na kumlipa mwandishi. Tofauti ipo, na kipimo chake ni rahisi. Baada ya msaada, je, unajua zaidi kuliko ulivyojua kabla? Mwenzako akikusahihishia Kiingereza na kukueleza kosa, umejifunza. Mwalimu akikuonyesha kitabu, utakisoma wewe. Aliyeandikiwa kazi yote amebaki pale alipokuwa, ila sasa ana alama inayosema uongo juu yake.

Wengine husema mzigo ni mkubwa, lugha ya kufundishia ni ngumu na muda hautoshi. Hoja hii tunaipokea, kwa kuwa ni ya kweli kwa wengi. Lakini jibu lake Kanisa linalo katika maisha ya Mtakatifu Yohane Maria Vianney. Kilatini kilimshinda hata akaondolewa katika seminari kuu ya Lyon kwa kuwa hakuweza kuyafuata masomo. Hakutafuta wa kumjibia mtihani. Alirudi kwa Padre Balley, aliyemfundisha kwa uvumilivu, akapimwa tena akiwa na udhaifu wake wazi mbele ya wakubwa wake, akapadrishwa mwaka 1815. Waliompokea walijua wanampokea nani. Baadaye watu walitoka mbali kwenda Ars kuungama kwake, na leo ndiye msimamizi wa maparoko. Kanisa liliweza kumsaidia kwa sababu lilijua anapopungukiwa.

Basi tuna maneno matatu ya kusema.

Kwa jandokasisi au mwanafunzi aliyezidiwa: mwendee mwalimu kabla ya siku ya mwisho na useme ukweli. Insha yako dhaifu ni bora kuliko nzuri ya kununua, kwa sababu inamwonyesha mlezi mahali pa kuanzia. Na kama umeshanunua, mficha maradhi kifo humuumbua. Mwendee muungamishi wako au mlezi wako wa kiroho. Kanuni ya 240 inakataza kabisa kuwaomba hao maoni yao wakati wa kuamua nani apewe Daraja au nani aondolewe seminarini, hivyo unaweza kufungua moyo bila hofu. Kisha, kwa ushauri wao, tafuta ujasiri wa kulisema jambo kwa wahusika na kuirudia kazi. Huenda ukapata adhabu, lakini ina mwisho. Anayekutisha hana cha kuuza tena pale unapokuwa umeshasema mwenyewe.

Kwa walezi na walimu: mwanafunzi hukimbilia sokoni anapoona anachodaiwa ni kurasa tu. Tupunguze wingi wa insha na tuongeze maswali ya ana kwa ana. Dakika kumi za kumsikiliza mwanafunzi akieleza alichoandika zinafichua mengi kuliko mfumo wowote wa ukaguzi, na zinamfundisha kusema imani yake kwa kinywa chake. Na mwanafunzi anapokuja kukiri kwamba hajaelewa, asikute kejeli mlangoni.

Kwa wazazi na waamini wote: nyinyi ndio mnaochangia ada na matunzo ya wanafunzi hawa, wengine kwa kuuza mazao na mifugo, wengine kwa bahasha ya Jumapili ya Kuombea Miito. Mna haki ya kupata mchungaji aliyesoma kweli, na daktari, mwalimu au mhasibu aliyesoma kweli. Mnapomuuliza mtoto amepata alama gani, muulizeni pia amejifunza nini, na kaeni mmsikilize akieleza. Kijana akirudi likizo na alama ya chini aliyoipata kwa jasho lake, mpokeeni kwa upendo. Wengi wananunua insha kwa sababu wanaogopa kurudi nyumbani na ukweli.