Sadaka Ifunikwe Kawa

Ramadhani inakaribia, na vikundi vyetu vya kujitolea vimeshaanza kupita madukani na madaftari ya michango. Mashaallah. Niseme la haki kwanza. Wanawake wa vikundi hivi nawajua. Wanafunga mchele na sukari mpaka saa sita za usiku, wanapanda daladala na mizigo kwa nauli ya mifukoni mwao, na hakuna anayewalipa. Wapo watoto hapa mjini wanaokwenda skuli na sare nzima kwa sababu yao. Ugomvi wangu ni na ile kamera wanayokwenda nayo.

Mnaujua utaratibu wenyewe. Uwanja wa skuli, saa tisa alasiri, watu wamefunga. Bibi wa miaka sabini na kitu amesimama foleni juani anamsubiri mgeni rasmi, ambaye kachelewa. Akifika, bango linanyooshwa, bibi anasogezwa mbele. "Bibi, geuka huku. Ushike na wewe mfuko. Cheka kidogo." Ndani ya mfuko mna mchele kilo tano, sukari kilo mbili, tende na mafuta. Kwenye nyumba ya watu saba, mchele ule hauvuki kumi la mwanzo. Picha je, inaisha lini?

Mji wetu huu mdogo. Huwezi kutoka Mwanakwerekwe ukafika Malindi bila ya kukutana na mtu anayemjua mama yako. Picha ikirushwa WhatsApp alasiri, kabla ya magharibi imeshafika kwa mawifi, kwa mwalimu wa madrasa na kwa mwenye nyumba anayedai kodi. Mteja wangu mmoja, mjane mwenye watoto wanne, alipigwa picha namna hiyo. Binti yake wa darasa la sita akaikuta kwa wenzake, wakimwita kwa jina la kile kikundi. Mwaka uliofuata kikundi kilirudi mtaani, jina la mama lilikuwemo kwenye orodha, na yeye hakwenda. Aliniambia hayo nilipokuwa nampunguzia buibui la marehemu dada yake ili alivae huyo binti. "Tutafuturu uji," akasema, na uji ndio waliofuturu siku nyingi za mwezi ule.

Kwenye hesabu ya kikundi mama huyu hayumo, kwa sababu wanaohesabiwa ni waliokuja. Lakini kwenye Qur'ani yumo. Aya ya 273 ya Suratul Baqara inawataja mafakiri ambao asiyewajua huwadhani ni watu wenye uwezo, kwa vile wanavyojizuia kuomba. Hao ndio wa kutafutwa, na hao ndio wa kwanza kuikimbia kamera.

Najua nitajibiwa na Baqara hiyo hiyo, maana kila ninapolisema jambo hili huletewa aya ya 271, kuwa kudhihirisha sadaka ni vizuri. Ni kweli, na anayetoa hadharani ili wengine waige ana hoja. Basi tuisome aya mpaka mwisho, inaposema kuwa kuificha na kuwapa mafakiri ni bora zaidi. Halafu tujiulize kinachodhihirishwa ni kitu gani. Aya imezungumzia sadaka. Uso wa bibi yule si sadaka yako. Na nyuma kidogo, aya ya 264, tumekatazwa kuziharibu sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi. Masimbulizi ya zamani yalikuwa ya mdomo, yakisahaulika mtu akifa. Haya ya leo yanabaki kwenye simu za watu, na siku binti anaposwa kuna mtu atayafukua.

Mimi fundi wa nguo, kazi yangu yote ni stara. Kwenye chumba cha kupimia naona viraka, naona shumizi iliyoshikwa kwa pini, na yote hubaki mle mle. Ndiyo maana zile picha za nguo za Sikukuu zinaniuma kuliko zote. Mtoto anapigwa picha na gauni lililochanika ubavuni, kisha anavishwa jipya anapigwa nyingine, zinawekwa pamoja watu watie mioyo. Hebu niambieni, mtoto yule tumemvisha au tumemvua?

Bibi zetu walikuwa na kawa. Nani kati yetu hakutumwa? Magharibi inakaribia, mama amepakua muhogo wa nazi au tambi, sahani kwenye sinia, juu kawa, "peleka kwa Bi Fulani, usisimame njiani." Kawa lilizuia nzi na lilizuia macho. Mtaani hakuna aliyejua kama ile ni sadaka au ni ujirani tu. Na Bi Fulani siku yake akipata unga alikaanga kaimati, sahani ikarudi na kitu. Alikuwa mpokeaji Jumatatu na mtoaji Alkhamisi. Ukishamsimamisha chini ya bango, hiyo Alkhamisi umemnyang'anya.

Wenzetu wa vikundi wanasema wafadhili walioko Muscat, Dubai na London wanataka ushahidi. Wana haki, pesa ni zao na wezi wapo. Basi wapelekeeni risiti ya duka la jumla. Wapelekeeni picha ya magunia, na hesabu ya nyumba kwa kila shehia. Majina yabaki kwa sheha na kwa wanawake wawili wanaoaminika, na mfadhili akitaka kuhakikisha amtume ndugu yake aje kukagua. Mfadhili ambaye haridhiki mpaka aone machozi ya mtu, huyo anataka kitu kingine.

Na foleni nazo ziondoke. Kukusanya wenye shida mahali pamoja si aibu tu, ni hatari. Aprili 2023, siku za mwisho za Ramadhani, watu zaidi ya 70 walikufa kwa kukanyagana mjini Sanaa, Yemen, walipokusanyika kwenye skuli kupokea sadaka ya pesa. Watu wa kujitolea mnao na mitaa mnaijua. Mnashindwa nini kupita nyumba kwa nyumba baada ya tarawehe?

Nayasema haya na vikundi ni wateja wangu. Fulana zenye majina yao hushonwa kwangu, na kila Shaaban napata riziki humo. Ila sare moja ya skuli, kitambaa na ufundi, haifiki bei ya fulana mbili za maandishi. Pigeni hesabu wenyewe.

Mkiamua kupeleka majumbani, pelekeni kwenye mifuko isiyo na jina wala nembo, kama ya mtu anayetoka sokoni Darajani. Mifuko hiyo nitaishona mimi, bure. Mabaki ya vitambaa ninayo magunia mawili dukani, na charahani ya pili haina kazi asubuhi. Nileteeni idadi kabla ya nusu ya Shaaban.